Treni ya mvuke ya Essex na miji ya pembe za ndovu: tiketi inakupa nini, na nini ukitafute mwenyewe

Watu wengi huenda Essex, jimbo la Connecticut, Marekani, kwa ajili ya treni ya mvuke na boti ya mtoni. Vyote viwili vinastahili safari. Ila msomaji wa Kiswahili ana sababu yake nyingine ya kufika huko. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka Tabora na Ujiji hadi Bagamoyo, zikavuka kwenda Zanzibar, sehemu kubwa iliishia kwenye vijiji viwili jirani na stesheni hiyo, Ivoryton na Deep River. Huko zilikatwa kuwa vibonye vya piano. Treni haifiki Ivoryton kabisa, na Deep River inashusha abiria gatini, si mjini. Ukipanda na kushuka tu, utaondoka na picha nzuri bila kuyaona yanayokuhusu.

Tuanze na treni. Reli hii ilifunguliwa mwaka 1871, baadaye ikaachwa, kisha ikafufuliwa kwa ajili ya watalii mwaka 1971. Stesheni ya Essex ni ya 1892, na mabehewa mengi ni ya miaka ya 1920, ya chuma kizito. Vichwa vya treni ni namba 40 (1920), namba 97 (1923) na namba 3025, ambayo ilitengenezwa China mwaka 1989. Havifanyi kazi vyote siku moja, na mara nyingine kichwa cha dizeli hushika zamu. Kama shida yako ni mvuke, uliza kabla ya kulipa.

Kaa upande wa kulia treni inapotoka Essex, maana reli inafuata ukingo wa magharibi wa mto Connecticut na mto uko kulia. Wakati wa kurudi baki upande huohuo wa behewa. Usikae behewa la kwanza nyuma ya kichwa ikiwa dirisha liko wazi, kwa sababu chembe za makaa huingia na kutua kwenye nguo. Kanzu au shati jeupe liache nyumbani. Njiani utapita Pratt Cove, kinamasi cha maji baridi kinachojaa na kupwa pamoja na bahari ingawa bahari haionekani. Likumbuke hilo jina la Pratt.

Tiketi ni za namna mbili: treni peke yake, au treni na boti. Chukua ya pili. Safari nzima ni saa mbili na nusu, na zaidi ya saa moja ya muda huo uko mtoni. Boti, inayopandiwa kwenye gati la Deep River, inaitwa Becky Thatcher, ina sitaha tatu, na ya juu ndiyo yenye macho. Inapandisha mto hadi East Haddam, kwenye daraja la 1913 linalozunguka kupisha vyombo, na jumba la maonyesho la Goodspeed la 1876. Juu ya kilima, mkono wa kulia wakati wa kwenda, utaona ngome ya mawe ya mwigizaji William Gillette, iliyojengwa kati ya 1914 na 1919. Kingo zote mbili ni msitu mtupu. Hilo lina sababu yake: mdomo wa mto umezibwa na mafungu ya mchanga yanayohamahama, meli kubwa hazikuweza kuingia kwa usalama, na kwa hiyo mto wenye urefu wa zaidi ya kilomita 600 haukupata mji mkubwa wa bandari mahali unapomwagikia baharini. Vimebaki vijiji.

Kama huduma, treni na boti vimepangwa vizuri: kuhama kutoka behewa kwenda chomboni ni kwa utaratibu, na mandhari haichoshi. Upungufu ni mmoja. Boti na treni vinategemeana, kwa hiyo hakuna nafasi ya kushuka Deep River, kutembea mjini, kisha kuendelea na safari. Mji uutengee muda wake.

Sasa hiyo sehemu ya pili, ambayo haina tiketi.

Mwishoni mwa miaka ya 1790 Phineas Pratt, fundi wa eneo hili, alitengeneza mashine ya kukata meno ya vitana vya pembe. Kutoka kwenye vitana kazi ikahamia kwenye vibonye vya piano. Deep River ikawa ya kampuni ya Pratt, Read & Co., na Ivoryton ikawa ya kampuni ya Comstock, Cheney & Co. George Cheney alikuwa amefanya biashara ya pembe Zanzibar kwenyewe kabla ya kushirikiana na Samuel Comstock. Mwaka 1909, Marekani ilipotengeneza zaidi ya piano 300,000, mashine za vijiji hivi viwili ndizo zilizokuwa zikikata sehemu kubwa ya pembe zake.

Mafundi walipenda pembe ya Afrika Mashariki kwa sababu ni laini. Pembe ngumu ya Afrika Magharibi ilipasuka kwenye msumeno na kuacha madoa ya uwazi. Pembe ilikatwa kwanza vipande vya urefu wa sentimita kumi hivi, vikapasuliwa kufuata nyuzi zake, kisha misumeno myembamba ya duara ikavichana kuwa vibao vya milimita moja na kitu huku maji yakimwagika ili pembe isiungue. Vibao vilifanywa vyeupe kwa dawa, kisha vikapangwa kwenye nyumba ndefu za vioo juani kwa wiki kadhaa na kugeuzwa pande zote. Bila jua hilo pembe hubaki na rangi ya siagi, na vibonye haviwi sawa.

Ukikutana na piano ya zamani popote pale, inamia kibonye cheupe. Utaona mstari mwembamba kama unywele unaokatiza pale kibonye kinapoanza kuwa chembamba. Hapo vipande viwili vya pembe vimeungana, kichwa na mkia. Vibonye vyeupe ni 52, kwa hiyo piano moja ilikula vipande 104. Ukitazama kwa mwanga wa pembeni utaona pia nyuzi za pembe. Plastiki kwa kawaida haina mstari wala nyuzi.

Ivoryton iko kilomita tatu hivi kutoka stesheni. Kampuni iliwajengea wafanyakazi nyumba, wengi wao wahamiaji kutoka Italia na Poland, na maktaba ya kijiji ni ya 1889. Ukumbi wa maonyesho uliopo barabara kuu ulijengwa 1911 kwa burudani ya wafanyakazi hao, na hadi leo tamthilia huigizwa humo. Nunua tiketi mapema ukitaka kuingia ndani.

Deep River nenda Stone House, nyumba ya mawe ya 1840 inayotunzwa na chama cha historia cha mji, barabara kuu namba 245. Hufunguliwa saa chache tu, hasa wikendi za kiangazi, kwa hiyo wasiliana nao kwanza. Kiwanda cha Pratt, Read bado kimesimama, sasa ni makazi ya watu. Kitazame kutoka barabarani.

Usiondoke bila kufika makaburi ya Fountain Hill. Amezikwa hapo William Winters, aliyezaliwa mtumwa Virginia kwa jina la Daniel Fisher, akatoroka na kufika Deep River mwaka 1828. George Read, mwenye kiwanda, alimpokea na kumhifadhi, na mtaa wa Winter Avenue umebeba jina la Winters. Read alikuwa mpinga utumwa wa kweli. Na pembe zilizomtajirisha zilifika pwani yetu kwa misafara ambayo wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi wa kuajiriwa, na wengine walikuwa watumwa. Wageni wengi hupita hapa bila kuambiwa mambo haya mawili kwa pamoja, nasi ndio wenye haki zaidi ya kuyauliza.

Kwa usafiri, shuka treni ya kawaida Old Saybrook, kisha teksi au gari la kukodi. Basi la eneo lipo lakini safari zake ni chache. Anza Deep River asubuhi kwa makaburi, kisha panda treni Essex, umalizie Ivoryton. Stone House ikifunguliwa mchana, panga treni kulingana nayo. Na ukiona vibonye vya pembe vinauzwa dukani kama kumbukumbu, usinunue. Kuvitoa Marekani bila kibali ni kosa, na kuviingiza Kenya au Tanzania ni kosa jingine.