Cape Town hadi Hermanus: nyangumi, mvinyo na upepo

Kwa anayetaka nyangumi, mvinyo na jiji katika wiki moja, pwani ya Afrika Kusini kutoka Cape Town hadi mji wa Hermanus inastahili nauli yake, ilimradi aende Septemba au Oktoba. Nyangumi wa aina ya southern right huingia ghuba ya Walker, mbele ya Hermanus, kuanzia Juni, huzaa humo, na kufikia Desemba wengi wameshaondoka. Januari kuna joto la kutosha, lakini utawakosa nyangumi, na upepo mkali wa kusini-mashariki husimamisha mara kwa mara behewa la waya linalopanda Table Mountain.

Ratiba ifuate upepo. Mlima upande asubuhi ya kwanza iliyotulia, hata kama ulipanga kupumzika. Robben Island nayo iwekwe mwanzoni: ziara huchukua karibu saa nne, na bahari ikichafuka boti haziendi. Ukiiacha hadi siku ya mwisho na safari ikafutwa, huna siku nyingine ya kuihamishia.

Hermanus iko kilomita 120 hivi kwa barabara ya N2. Ni heri upite R44 kutoka Gordon's Bay, inayopinda kati ya mlima na bahari. Watanzania na Wakenya hawatapata shida ya kuendesha, kwani huku pia magari hupita kushoto. Simama Betty's Bay, kwenye pengwini wa Stony Point. Boulders, ufuo mwingine wa pengwini ulio Cape Town, ina jina kubwa zaidi na msongamano mkubwa zaidi. Hapa Stony Point kiingilio ni nafuu na ndege unawaona karibu vilevile, kutoka kwenye njia ya mbao. Tangu 2024 pengwini hawa wamo katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, sababu mojawapo ikiwa upungufu wa dagaa wanaowategemea. Usiwaguse, na uchungulie chini ya gari kabla ya kuondoka.

Hermanus penyewe, anza na nchi kavu. Kina cha maji ni kikubwa hadi karibu na miamba, hivyo nyangumi husogea karibu sana na ufuo. Nenda Gearing's Point asubuhi, bahari ikiwa shwari, utafute mvuke unaoruka kwa umbo la V na mgongo usio na pezi. Darubini ya 8×42, inayokuza mara nane, inatosha. Yenye nguvu zaidi hutetemeka mkononi. Ukitaka boti, chagua yenye kibali: hiyo huruhusiwa kukaribia hadi mita 50, nyingine zote mita 300. Meza dawa ya kichefuchefu saa moja kabla na ukae nyuma, ambako boti hairukiruki sana.

Mvinyo uko nje kidogo ya mji, bonde la Hemel-en-Aarde, barabara ya R320. Ubaridi wa bahari huchelewesha zabibu kuiva, ndiyo maana Pinot Noir na Chardonnay za hapa hubaki na uchachu mzuri. Mashamba ya Hamilton Russell na Bouchard Finlayson yanatosha kwa siku moja. Anza na mvinyo mweupe. Vionjo vitano vya mililita 30 ni glasi nzima, na sheria humruhusu dereva chini ya gramu 0.05 za kilevi kwa mililita 100 za damu, hivyo dereva aonje na kutema. Piga simu kabla ya kwenda Jumapili, kwani baadhi ya mashamba hufunga.

Muda ukibana, acha Stellenbosch, mji mwingine wa mvinyo, uende Groot Constantia, shamba la mwaka 1685 lililo ndani ya Cape Town.