Likizo ya gofu pwani ya Uskoti: acha mpira utambae

Nawaandikia hasa wanagofu wenzangu wa nyanda za juu, wa Nairobi, Limuru, Nakuru hadi Arusha, mnaoweka akiba kwa ajili ya safari ya Uskoti. Pesa zenu hazitapotea, ila mchezo mnaoujua hautawafikisha mbali. Mimi na shemeji yangu tulikwenda mwezi wa sita, tukacheza pwani ya mashariki peke yake, na mpaka leo naizungumzia kwa kila mtu ninayemwona na begi la fimbo.

Ukiielewa ardhi ya kule umeelewa karibu kila kitu. Viwanja vya linksi vimelala juu ya mchanga, kati ya bahari na mashamba, kwenye malisho ya zamani ya kondoo. Mchanga hunyonya maji upesi, hivyo mvua ikipita unaendelea kucheza pakavu. Majani ni membamba, yamenyolewa karibu na udongo, na chini ni pagumu. Sisi tumezoea majani ya kikuyu, yale manene yenye asili ya nyanda zetu wenyewe, yanayoushika mpira na kuuinua kama umewekewa mto. Kule hakuna mto. Mpira ukitua unadunda, unakimbia, unafuata mteremko, na usipousoma mteremko huo mapema utaukuta ndani ya shimo la mchanga lenye kuta za udongo zilizosimama wima. Ukiingia humo, mara nyingi unatokea kwa kurudi nyuma.

Halafu kuna hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi huupeleka mpira mbali kuliko unavyostahili. Ufukweni mwa Uskoti hewa ni nzito na ya baridi. Fimbo namba 7 ambayo nyumbani hunipa karibu mita 145, pale uwanja wa Carnoustie, upepo ukinijia usoni, haikuvuka mita 110. Shimo lililofuata, yaani kipande kingine cha uwanja, liligeukia upande mwingine, na fimbo ile ile ikaupitisha mpira juu ya grini, lile eneo laini lenye bendera na kitundu. Kwa hiyo namba zako za nyumbani ziweke mfukoni. Unachohitaji ni mkwaju wa chini: mpira urudi nyuma kidogo katika msimamo wako, mikono itangulie, usizungushe kwa nguvu. Ukiwa mita 30 nje ya grini, chukua fimbo ya kusukumia mpira na uutambaze. Wenyeji wanafanya hivyo bila aibu yoyote, na matokeo ni mazuri kuliko kuupandisha juu, ambako upepo unaamua utue wapi.

Sasa mji wa St Andrews, maana ndiko kila mtu anakouliza kwanza. Old Course ni uwanja wa umma, chini ya St Andrews Links Trust, na njia nafuu ya kuingia ni droo, yaani kura ya bahati. Mnajiandikisha mkiwa wawili hadi wanne kabla ya saa nane mchana, siku mbili kabla ya siku mnayotaka kucheza, na majibu hutoka jioni hiyo hiyo. Kampuni moja ya utalii ilitutaka tununue kifurushi chenye nafasi ya uhakika pamoja na hoteli ambayo hatukuihitaji. Bei yake ingetosha kutuweka Uskoti mara mbili. Tulikataa, tukaingiza majina kila siku iliyowezekana, na droo ikatuangukia. Ada yenyewe inazidi pauni 300 katika msimu wa juu. Nililipa na sijuti, lakini nitasema wazi: mtu asiweke rehani kitu kwa sababu ya uwanja huu mmoja.

Uzuri wake hauonekani kwa macho mara ya kwanza. Unasimama kwenye shimo la kwanza, mji uko mgongoni, na mbele kuna uwanda mpana usio na mti hata mmoja. Ni mpaka kedi, yule anayekubebea begi na kukuelekeza, akuoneshe. Tuliyempata, mzee wa makamo aliyezaliwa mji ule, hakunitajia umbali hata mara moja katika mashimo ya mwanzo. Alikuwa akinyoosha kidole tu: piga kuelekea mnara ule wa kanisa, piga kushoto ya kichaka kile chenye miiba. Grini saba ni kubwa mno kwa sababu kila moja inatumikia mashimo mawili, na ukijumlisha namba za mashimo hayo mawili unapata 18 kila mara: la 2 na la 16, la 3 na la 15, hivyo hivyo hadi mwisho. Mashimo manne tu yana grini zake: la 1, la 9, la 17 na la 18. Unaweza kujikuta uko kwenye grini sahihi na bado una mita 40 za kusukuma mpira.

Shimo la 17 ndilo lililonikaa moyoni. Nyuma ya grini kuna barabara, na nyuma ya barabara ukuta wa mawe, na vyote ni sehemu ya mchezo: mpira ukisimama barabarani unaupiga pale pale ulipo. Mbele, upande wa kushoto, kuna shimo la mchanga dogo lenye kina, na ardhi yote inayolizunguka inamwagikia humo. Kipimo cha akili kuliko hicho sijakiona kwenye uwanja wowote, na hakuna maji wala mti uliohitajika kukitengeneza.

Droo ikikunyima, usiondoke kabla ya Jumapili. Siku hiyo Old Course hufungwa kwa gofu, isipokuwa kukiwa na mashindano makubwa, na watu wa mji huingia na watoto na mbwa wao. Unatembea bure kutoka shimo la kwanza mpaka la mwisho, unavuka daraja la Swilcan, unashuka kuangalia kina cha mashimo ya mchanga. Kando yake kuna uwanja wa kusukumia mpira uitwao Himalayas, wenye vilima kila mahali, na bei yake ni pauni chache tu. Tulicheka pale mpaka machozi.

Lakini uwanja nilioupenda kuliko vyote ni West Links wa North Berwick, nusu saa hivi kwa treni kutoka Edinburgh. Njia inafuata ufuko, na baharini kuna mwamba wa Bass Rock uliogeuka mweupe kwa wingi wa ndege. Shimo la 13 lina ukuta wa mawe mbele kabisa ya grini, na huna budi kuuvuka. La 15, liitwalo Redan, ni la mikwaju mitatu, yaani mchezaji mzuri hutarajiwa kulimaliza kwa mitatu, na limeigwa na wajenzi wa viwanja duniani kote: grini inateremka kuelekea nyuma kushoto, kwa hiyo unatua kulia na kuiacha ardhi imalizie kazi. Nilipouona mpira wangu ukikata kona peke yake na kusogea taratibu kwenye bendera, nilielewa kwa nini watu hurudi kule kila mwaka.

Uwanja wa Elie nao usikupite. Una mashimo 16 ya mikwaju minne na mawili ya mitatu, basi. Kwa kuwa shimo la kwanza linapanda kilima usichoweza kuona ng'ambo yake, kwenye kibanda cha kuanzia wameweka darubini ya nyambizi ya kijeshi ili msimamizi ahakikishe waliotangulia wamesogea. Ada ni ndogo sana ukilinganisha na Old Course. Mwenye pesa za viwanja viwili tu ningemtuma Elie na North Berwick bila kusita.

Mengine kwa ufupi. St Andrews haina stesheni. Unashuka Leuchars na kuchukua basi. Chumba cha nyumba ya wageni tulikofikia kilikuwa na baridi usiku hata mwezi wa sita, kwa hiyo beba sweta la sufu, koti la mvua na glavu za mvua. Magari ya gofu karibu hayapo, na kedi, ambaye kwetu ni lazima, kule si lazima. Watu wengi hubeba begi wenyewe, kwa hiyo nunua jepesi na ufanye mazoezi ya kutembea nalo. Mwanga hukaa mpaka karibu saa nne usiku, unaweza kuanza saa kumi jioni na kumaliza mashimo yote. Visa ya Uingereza iombe mapema, na cheti cha handikapu, kinachoonyesha kiwango chako cha uchezaji, kitoe klabuni kwako kabla ya kusafiri, maana Old Course wanakiulizia.