Madaraka Express: Kiti Nakisifu, Hesabu ya Mzigo Ndiyo Bado

Mtu akiniuliza atoke Mombasa aende Nairobi kwa basi au kwa SGR, yaani reli mpya ambayo treni yake ya abiria ndiyo Madaraka Express, namwambia treni, wala sisiti. Mimi ni wa Changamwe, hapa Mombasa, nauza leso za Biashara Street kwa wateja walioko bara, kwa hiyo njia hiyo naijua kwa magurudumu ya aina zote mbili.

Kwanza nauli. Treni ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, ekonomi ilikuwa shilingi 700. Tangu Januari 2024 ni 1,500, na daraja la kwanza ni 4,500. Kupanda huko kumeuma, hasa kwa mama anayesafiri na watoto, lakini ukipima na unachopewa, ekonomi bado ni pesa halali. Unakata tiketi kwa simu, unalipa kwa M-Pesa, unaenda na kitambulisho chako. Msimu wa Desemba usingoje wiki ya mwisho. Fika stesheni ya Miritini saa nzima kabla, maana kuna ukaguzi: mabegi hupangwa chini kwa mstari mbwa wa polisi wayanuse, kisha mashine. Wapo wanaolalamikia foleni hiyo. Mimi naipenda, nakaa kwenye kiti changu moyo umetulia.

Viti vya ekonomi hutazamana, vitatu upande huu na viwili upande ule, meza katikati. Havilali nyuma, kwa hiyo mwenye mgongo mbovu na uwezo kidogo achukue daraja la kwanza. Treni ya asubuhi husimama vituo vya katikati: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River. Ya alasiri haina visimamo vingi, na kwa mwendo wa saa tano hivi uko Syokimau, stesheni ya Nairobi. Hapo unapanda treni nyingine ya kukufikisha stesheni ya kati mjini. Anayekumbuka treni ya zamani, ile ya reli ya Mwingereza, ambayo ulilala njiani na kuamka hujui umefika wapi, anaelewa kwa nini natukuza mwendo wa saa tano.

Na mbuga ya Tsavo! Kaa dirishani. Reli imeinuliwa juu ya tuta, na chini yake wameacha mapito ya wanyama, hivyo ndovu wekundu kwa vumbi la huko unawaona kutoka juu. Ukielekea Nairobi, milima ya Chyulu iko mkono wa kushoto. Mabehewa ni safi, wahudumu wana adabu. Safari ya uzinduzi ya Rais Uhuru Kenyatta iliendeshwa na wanawake wa Kenya waliosomea kazi hiyo China, na jambo hilo mpaka leo linanipa fahari.

Kama treni ingekuwa ya abiria tu, ningeishia hapo. Lakini reli hii ya kilomita 472 iligharimu takriban dola bilioni 3.6. Ilijengwa na China Road and Bridge Corporation, na karibu asilimia 90 ya pesa ilikopwa kutoka Exim Bank ya China mwaka 2014. Nusu ya mkopo ilikuwa ya nafuu, riba ya asilimia 2. Nusu ya pili ilikuwa ya kibiashara, riba inayopanda na kushuka na soko la London, juu yake asilimia 3.6. Nauli yangu ya 1,500 haiwezi kulipa deni hilo hata treni ijae mpaka mlangoni. Tangu mwanzo ilipangwa kwamba mlipaji ni kontena. Mamlaka ya Bandari ilijifunga kuihakikishia reli mzigo wa kutosha kila mwaka, na mzigo ukipungua, bandari ifidie.

Ahadi hiyo ilishuka mpaka nyumbani kwetu. Baba yangu aliendesha lori barabara hiyo miaka mingi, na ada zetu za shule zilitoka kwenye usukani. Makontena yalipoanza kupelekwa kwa amri, kwa treni, moja kwa moja hadi bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, Changamwe iliumia: madereva, matingo, makarani wa forodha, wakina mama wa vibanda vya chakula. Mariakani na Mtito Andei, miji iliyoishi kwa malori kulala, iliumia pia. Mwaka 2019 amri ilikazwa, watu wa Mombasa wakaandamana, ikasitishwa. Septemba 2022 Rais William Ruto alipoingia madarakani aliagiza shughuli za kukomboa mizigo zirudi Mombasa, na huku kwetu zilipigwa vigelegele.

Sisemi China isijenge. Nani mwingine aliyekuja na pesa za reli ya namna hii? Ninacholaumu ni mkataba kufungwa kimya, halafu wanaoulipa wakawa watu ambao hawakuulizwa. Mahakama ya Rufaa mwaka 2020 ilisema Shirika la Reli halikufuata sheria ya ununuzi lilipotoa kazi hiyo. Sehemu za mkataba zenyewe tulizisoma Novemba 2022, wakati Kipchumba Murkomen, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, alipozitoa, na treni ilikuwa imeshatembea miaka mitano. Mfanyabiashara yeyote wa Biashara Street angetaka kuona hesabu kabla ya kutia sahihi.

Oktoba 2025 Hazina ilitangaza kwamba mikopo ya reli imegeuzwa kutoka dola hadi yuani, na kwamba nchi itaokoa karibu dola milioni 215 kwa mwaka. Nimeipokea kwa furaha habari hiyo. Nafuu hiyo ningependa ianzie kwenye bei ya kusafirisha kontena. Ikishuka chini ya bei ya lori, wenye mizigo wataipeleka relini wenyewe bila kuamriwa. Na huduma za bandari zibaki Mombasa, ili mwenye mzigo achague mwenyewe reli au barabara.