RAV4 ya kukodi, watu wanne, siku saba: Dar hadi Tanga kwa njia ya pwani

Nianze na gari, maana ndilo lililoandikwa kwenye risiti. RAV4 ya zamani, milango mitano, gia za mkono, keria juu na hema limefungwa juu ya keria. Shilingi 150,000 kwa siku, siku saba, na amana ya 600,000 inayorudi ukilileta gari kama ulivyolichukua. Jina la kampuni silitaji. Anayetafuta gari la namna hii Dar atakuta kadhaa zinazofanana nayo kwa kila kitu, mpaka kibandiko cha twiga mlangoni.

Peke yangu nisingeliweza. Mimi ni mtumishi tu wa Morogoro, nilikuwa na likizo ya wiki mbili na begi la mgongoni, na mpango wangu ulikuwa kupanda basi la Tanga kama watu wengine. Ni kwenye meza ya chai ya hosteli niliyofikia ndipo Mjerumani mmoja aliponigeukia na Kiswahili kilichopigwa pasi: "Samahani dada, je, kuna namna ya kufika Saadani pasipo kulipia wakala?" Kabla sijamjibu, dada mmoja wa Nakuru upande wa pili akasema hata yeye alikuwa akiitafuta hiyo namna, anarudi kwao, atapitia Tanga na Horohoro mpaka Mombasa, na haoni haja ya kukimbia. Jioni akaongezeka kijana wa Mwanza, mpiga picha, ana betri na waya nyingi kuliko nguo. Tukawa wanne.

Kati yetu, mwenye leseni ya Tanzania na aliyezoea gia za mkono nilikuwa mimi. Mwanza naye aliendesha, lakini leseni aliiacha nyumbani. Basi jina langu likaingia kwenye mkataba, na amana ikatoka kwenye simu yangu.

Mkataba wenyewe ni kurasa tatu. Ukurasa wa pili unasema anayeruhusiwa kuendesha ni aliyetajwa tu, akishika usukani mwingine bima haipo. Unasema pia gari lisishuke ufukweni. Kijana wa ofisini alinisomea hayo kwa kasi ya mtu anayefungua kikao kwa dua huku chai inapoa. Akamalizia kwamba unaweza kuongeza jina la pili, mtu wa kuendesha na kubeba dhamana pamoja nawe, kwa 50,000. Tukatazamana. Ya nini? Tukaiokoa hiyo hamsini.

Siku hiyo hiyo dada wa Nakuru alinunua daftari la kurasa 48 dukani, akachora mistari kwa rula ya kuazima. Tukamwita Mhasibu na jina likamganda. Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba petroli ya kurudi Dar inagawanywa kwa wanne, hata kama wawili watashukia Tanga, kwa sababu gari lina kwao. Mjerumani alikubali papo hapo. Mwanza alinuna kidogo, akasaini. Ilikuwa mwisho wa Agosti 2023, petroli imeshapita 3,000 kwa lita, kwa hiyo haikuwa hesabu ya kudharau.

Bagamoyo sina mengi. Barabara ni lami, gari lilikwenda vizuri, kiyoyozi kilipuliza hewa kama ya mtu anayepoza uji. Tulishinda Kaole, penye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, na Mjerumani akasoma kila kibao mpaka mlinzi akamletea kiti. Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa chaji: gari lina tundu moja tu la kuchajia, na Mwanza alilihesabu ni lake.

Kutoka hapo tuliingia njia ya Msata, kilomita 64 za lami, tukavuka Wami, tukakata kulia Mandera. Hapo ndipo gari linapopimwa. Ni kama kilomita 60 za vumbi mpaka Saadani, na shokapu za nyuma zilikuwa zimeshasalimu amri kabla hatujazaliwa sisi wateja. Kila kwenye bonde nilisikia vyombo vyetu vikitafutana huko nyuma. Vumbi liliingia kwenye mlango wa nyuma, likakaa kwenye mkate. Lakini injini, haki yake niipe: haikukohoa hata mara moja, na kwenye mchanga mlaini wa njiani ilipita bila kusukumwa.

Hema ndilo nililolipenda kuliko vyote. Unafungua mikanda miwili, unalivuta, linakunjuka na ngazi yake. Dakika tano, na mbili katika hizo ni za kubishana. Godoro lipo ndani tayari. Tulilala humo mimi na Mhasibu, wanaume wakatandika vihema vyao chini. Usiku upepo wa kusi ulilipiga kama anayekung'uta mkeka, lakini halikuhama. Kasoro ni moja: zipu ya chandarua ilikuwa imekatika meno, tukaibana kwa pini za kanga.

Saadani imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na raha yake ni kwamba unamtazama kuro anakula majani huku nyuma yake kuna bahari. Twiga tuliwaona kabla ya chai. Wanaopanga safari kama yetu wajue tu kwamba kiingilio si sawa kwa wote: mimi, Mwanza na Mhasibu tulilipa kwa shilingi, kwa sababu Mkenya naye anahesabiwa Mwafrika Mashariki akionyesha kitambulisho, Mjerumani akalipa kwa dola, na pengo lake si dogo. Semeni mapema kwamba hiyo kila mtu anajilipia. Na msivae nyeusi wala bluu ya giza. Mbung'o wanazipenda. Mjerumani alikuwa na fulana tatu, zote nyeusi.

Sasa malalamiko yangu kwa kampuni. Tulipopita Mkwaja kuelekea Mwera, tairi la nyuma kulia likapata pancha. Spea ilikuwepo na ina upepo. Jeki ilikuwepo na mpini wake. Nikatoa spana ya kufungulia nati, nikaivika kwenye nati, ikagoma. Nikajaribu nati ya pili, nikidhani kutu. Nati ni za 21, spana ni ya 19. Maana yake spana hiyo ilitoka kwenye gari jingine, na tangu ilipowekwa humo hakuna aliyewahi kuijaribu. Tulikaa juani karibu saa nzima mpaka ikapita bodaboda. Mjerumani akamsimamisha: "Ndugu, gurudumu letu limetoboka." Jamaa akazima pikipiki, akamwangalia, akaniangalia mimi. "Dada, huyu umemtoa redioni?" Akaenda kijijini, akarudi na spana ya fundi, akakataa elfu tano, akachukua kumi. Mhasibu akaandika. Ofisini, niliporudi, niliwaambia habari ya spana, wakasema "pole sana." Hawakusema watairudishaje hiyo kumi.

Ushongo tulifika Jumatano jioni, mwezi umejaa, minazi ina vivuli kama mchana. Kesho yake saa nne asubuhi maji yalikuwa yametoka mbali kabisa, mchanga umelala mgumu, unang'aa. Mimi nilikuwa kisimani nafua. Funguo niliitundika kwenye ngazi ya hema, na hilo ni kosa langu, silikatai. Nikasikia gari likiwaka.

Mwanza alitaka picha moja: gari, minazi na bahari katika fremu moja. Mjerumani alikaa kiti cha mbele, akiona sawa tu. Walikwenda vizuri mita mia mbili hivi, mpaka panapotiririka kijito cha maji baridi, na hapo mchanga si mchanga tena, ni uji. Alipoona linazama akakanyaga mafuta. Nilipofika, gari lilikuwa limekaa kitako, magurudumu ya nyuma hayaonekani.

Chini ya mkungu alikaa mzee anashona wavu. Tukamwamkia.

"Marahaba. Gari la nani hilo?"

"La kukodi, mzee."

"Basi liombeeni. Jana mwezi umepevuka, leo bamvua. Saa kumi maji yatakuwa hapa." Akaugusa mchanga kwa kisigino chake, na tulikuwa juu kabisa, kwenye mizizi ya minazi.

Hakuna aliyejibu. Akaweka wavu chini, akapiga mbinja. Walikuja wavuvi kumi, wakakamilisha kumi na moja na yeye mwenyewe. Mzee alisema tupunguze pumzi tairi zote nne mpaka zilale. Tukafukua kwa sahani zetu za kulia. Watoto wakaburuta makuti mabichi, yakatandikwa mbele ya kila tairi kama mkeka wa bibi harusi. Nilikaa kwenye usukani, gia ya kwanza, mguu umefundishwa kutetemeka. Kamba ya ngalawa Mwanza alishaifunga, na aliifunga kwenye bampa, si kwenye ndoano ya chini. Vuta la kwanza, bampa likaitika krraa. Mzee akaihamisha kamba bila kusema kitu. La pili, la tatu. Nilipotazama kioo cha pembeni, povu lilikuwa limeshafika kwenye tairi la nyuma na kurudi. La nne likatoka.

Tuliwapa 40,000. Daftari linasema: "Soda, wavuvi 11." Kisha ndoo kumi na mbili za maji ya kisima kuosha chumvi chini ya gari, na bampa tukalifunga kwa kamba ya katani. Kwenye kivuko cha Bweni kwenda Pangani, vijana wa pale walilizunguka gari letu wakicheka waziwazi. Mjerumani, kwa kutaka kubadili mazungumzo, akauliza ni wapi hapo Pangani Bushiri aliponyongwa mwaka 1889. Babu mmoja mwenye baiskeli akamwambia, "Si mngetuambia ninyi?" Ndiyo siku pekee Mjerumani alipokosa msamiati.

Tanga tulifika Ijumaa, baada ya kusimama kidogo kwenye makaburi ya Tongoni. Usiku, mbele ya mishikaki, ndipo tulipolifungua suala la bampa. Mwanza alisema tulikuwa wote. Nikamwambia wote tulikuwa Ushongo, kwenye usukani alikuwa mmoja. Akasema funguo niliiacha mwenyewe. Akanyamaza, nikanyamaza. Mhasibu alimaliza mshikaki wake, akafuta vidole, akatoa hukumu: litakalokatwa, nusu ni la Mwanza, nusu inayobaki ni ya watatu sawasawa. Tukasaini daftari. Nadhani bila lile daftari tungeachana vibaya.

Waja leo waondoka leo, kama wanavyosema Watanga wenyewe. Asubuhi Mhasibu akapanda basi la Mombasa, Mwanza akabaki kupiga picha za harusi ya mtu aliyekutana naye usiku uleule. Mimi na Mjerumani tukarudi kwa njia ya Segera na Chalinze. Nikapigwa tochi, 30,000, kwenye kijiji ambacho nilikiona kimeisha na trafiki akakiona bado kinaendelea. Hiyo nimeilipa mwenyewe.

Kampuni walikata 180,000 kwenye amana: bampa na kusafisha chumvi. Nilitegemea zaidi. Walinionyesha bei ya bampa lililotumika na mkono wa fundi, na 420,000 iliyobaki ikaingia kwenye simu baada ya siku tisa, ingawa mkataba unasema tatu. Nilipiga simu mara nne. Jambo la bima hawakulisumbua kwa sababu niliwaeleza ukweli mapema, na pengine kwa sababu ya ile spana.

Kwa jumla kila mmoja wetu alitumia 262,500 ya gari na kama 72,000 ya petroli. Kwa mtu mmoja mwenye begi, kwa siku saba, njia ile, sijaona namna nyingine. Nyota nne kwa gari, tano kwa hema hata na pini zake, tatu kwa ofisi. Atakayekodi ajaribu spana kwenye nati palepale uwanjani kwao, mbele ya macho yao, kabla hajalipa.

Mhasibu alinitumia 30,000 kabla sijamkumbusha. Mjerumani alizilipa mkononi uwanja wa ndege. Mwanza alituma 50,000 katika 90,000 yake, na salamu ndefu.

Desemba mimi na Mhasibu tunashuka Kilwa, kampuni hiyo hiyo, RAV4 hiyo hiyo ikiwepo. Safari hii tumelipia ile hamsini na majina yote mawili yamo kwenye mkataba. Juzi Mwanza ameandika kuuliza kama kuna nafasi kiti cha nyuma. Nimemjibu ipo, ikifika ile arobaini.