Kununua gemu mtandaoni ukiwa Dar: uende duka lipi?

Gemu kubwa siku hizi inapita GB 100. Kwa anayetegemea bando la simu, kuipakua ni gharama ya pili juu ya bei yenyewe, na laptopu ikifa unaanza upya. Kwa hiyo maduka haya siyapangi kwa bei tu. Nauliza kwanza: nikishalipa, nabaki na nini mkononi?

Kwa kipimo hicho, namba moja ni GOG, duka la Poland lililofunguliwa 2008. Gemu zake hazina kufuli. Unapakua faili mara moja, unalihifadhi kwenye eksitenali, na siku ukibadili kompyuta unasakinisha bila kugusa bando. Mimi zangu zote zimo humo, na hilo linanipa amani kubwa. Ukijuta, una siku 30 za kudai pesa yako. Ubaya wake: gemu mpya zenye majina makubwa nyingi hazipo, au huja zimechelewa.

Ya pili ni Steam. Hapa utapata karibu kila kitu, ila unachonunua ni leseni, yaani ruhusa ya kucheza tu, na siku hizi wanakuandikia hivyo kabla hujalipa. Bado naipenda, hasa kwa jambo ambalo wengi hawalijui: tangu 2023, kompyuta mbili zilizo kwenye Wi-Fi moja zinaweza kurushiana gemu. Kama rafiki yako wa Sinza anayo tayari, nunua yako, beba laptopu, kaichukue kwake. Kulipa si tabu, kadi ya Visa ya M-Pesa inatosha, ila bei ni za dola, basi piga hesabu ya shilingi kwanza. Pesa inarudi ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Tena usiwe na haraka: punguzo la katikati ya mwaka na lile la Desemba huwa kubwa kweli.

Epic naiweka ya tatu. Kila Alhamisi hutoa gemu ya bure, chukua. Pesa yako peleka kwingine.

PlayStation Store inashika mkia. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zake, kwa hiyo watu hufungua akaunti ya Marekani au Afrika Kusini na kununua kadi za zawadi, na kadi ya nchi moja haiingii kwenye akaunti ya nchi nyingine. Kama mashine yako inakula diski, nunua diski, ukiichoka unaiuza.

Akaunti zilizojaa gemu zinazouzwa mkononi sizipangi kabisa. Niliwahi kununua moja Kariakoo, na wiki tatu baadaye nywila ilikuwa imebadilishwa, muuzaji hapokei simu. Fungua yako mwenyewe, kwa barua pepe yako, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili siku hiyo hiyo.