Kiti cha pikipiki kimechoka: nunua sponji kwanza, ngozi baadaye

Kiti cha Boxer au TVS kinapozeeka, kinachoonekana ni ngozi, ndiyo maana wamotari (madereva wa pikipiki za abiria) wengi wa Goma hukimbilia kubadilisha ngozi. Lakini anayekubeba siku nzima ni sponji, na sponji iliyokufa ukiivisha ngozi mpya inabaki imekufa. Bonyeza kwa goti mahali unapokaa. Ukigusa plastiki ya chini, au shimo likichelewa kurudi, pesa yako iende hapo.

Chaguo la kwanza kwangu ni kumpelekea fundi wa viti ajaze upya sehemu ya dereva kwa sponji nzito. Kama upande wa abiria bado una nguvu, uachwe ulivyo. Fundi hukata palipozama, anabandika kipande kipya, kisha anakichonga kifuate umbo la zamani. Cha kusimamia kwa macho yako ni aina ya sponji. Ile ya magodoro ya bei nafuu huwa na kilo 18 hadi 25 hivi kwa mita moja ya ujazo. Ya kiti inafaa ifike 50 au ipite. Dukani hakuna atakayekupimia hivyo, basi shika vipande viwili vya ukubwa sawa, kimoja kila mkono, na mkono utakuambia. Ile ya mabaki, yenye vipande vya rangi nyingi vilivyogandishwa pamoja, ni nzito kweli, ila ukiikalia yenyewe utadhani umekalia ubao. Iwe tabaka la chini, na juu yake sentimita mbili au tatu za sponji laini kidogo yenye uzito mzuri.

Gundi nayo ipakwe nyembamba, pande zote mbili, iachwe ikauke kidogo kabla ya kubandika. Ikirundikwa, inakauka na kuwa ukoko ambao utauhisi kila unapokaa.

Halafu mvua. Mshono ukipita juu ya kiti, maji yanaingilia kwenye matundu ya sindano, sponji inayanywa, na jua likishawaka bado suruali inalowa. Mwambie fundi ashushe mishono pembeni na atandike nailoni chini ya ngozi. Mafundi wengi hawaiweki mpaka uwaombe.

Nafasi ya pili naipa kiti cha zamani kilichotoka kiwandani, kilichovuliwa kwenye pikipiki iliyokufa ya aina ileile kama yako. Kigeuze kwanza: plastiki yenye ufa au ndoano ya kufuli iliyovunjika, kirudishe. Viti vipya vya madukani naviweka nyuma yake, ingawa vinang'aa kuliko vyote. Vingi ni laini mno, na mara nyingine mashimo hayalingani na chesi, yaani fremu ya pikipiki. Ukikipenda, kijaribishe kwenye pikipiki yako kabla ya kulipa.

Mto wa jeli wa kufunga juu ya kiti unamfaa hasa anayeendesha pikipiki ya bosi: jioni anapeleka hesabu, mto anarudi nao nyumbani. Ubaya wake, ukiachwa juani unachoma, na kamba zikilegea unateleza kwenye kona. Ngozi peke yake ni ya mwenye sponji nzima, basi. Na sponji ya godoro, hata ukipewa bure, kataa. Dereva akiikalia inalala mapema na unarudi kwenye plastiki.

Usijaze kupita kiasi. Sentimita tatu zaidi zinaweza kumfanya mtu mfupi aguse chini kwa ncha za vidole tu, na kwenye vichochoro vya mawe ya volkano ya Nyiragongo, ukiwa na abiria nyuma, mguu unapaswa kukanyaga wote.

Kuna viti vinavyosingiziwa. Kabla ya kumwona fundi, bonyeza nyuma ya pikipiki kwa nguvu kisha uachie. Ikidundadunda, au ukiona mafuta yamevuja kwenye amortisa (shokapu za nyuma), anza na amortisa hata kama kiti kitasubiri mwezi ujao.