Chumba Ngamiani au Raskazone? Kwa mwandishi wa kujitegemea anayehamia Tanga

Kwa bei, Ngamiani inaongoza. Chumba cha nyumba ya Kiswahili, choo na bomba vikiwa uani kwa wote, ni rahisi kuliko chumba chenye choo ndani kule Raskazone. Kote andaa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na cha dalali pembeni.

Umeme ndipo ugomvi ulipo. Nyumba ya wapangaji wengi mara nyingi ina mita moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), mnachanga sawa kwa sawa. Kompyuta mpakato ya wati 60 ikiwaka saa 8 inakula takriban nusu yuniti. Pasi ya wati 1,000 inamaliza yuniti nzima kwa saa moja. Wewe na jirani anayepiga pasi nguo za watu mnatoa sawa! Uliza kama chumba kina mita ndogo ya kupima umeme wake kabla hujatoa hela. Ukipata mita yako peke yako, hakikisha haina deni la kodi ya jengo, ile ya serikali, maana linakatwa humohumo unaponunua umeme.

Utulivu ni wa Raskazone, hilo halina ubishi. Ila tazama juu: bati lisilo na dari, mvua ikishuka, humsikii mteja kwenye simu. Na upepo wa bahari una chumvi; tundu la chaji linashika kutu, kwa hiyo meza isikae dirishani.

Wateja wakilipa kwa kusuasua, anzia Ngamiani, chapati na maharage viko mlangoni. Mwenye mikutano ya simu kila siku, Raskazone itamfaa zaidi, awe na baiskeli tu ya kwendea mjini.